Mteja wa Kwanza wa Duka la Tisa

Palikuwa na fundi miwani mmoja aliyeanzia kazi kibarazani kwa watu, na meza moja na sanduku la fremu. Akapata chumba. Chumba kikazaa duka, duka likazaa matawi, hata katika miji kadhaa mtu akivunja miwani akawa anaambiwa, "Ipeleke kwa walewale." Na kila tawi jipya lilikuwa na kioo cha kujitazamia kikubwa kuliko cha tawi lililotangulia. Huo ukawa ndio utaratibu wa nyumba ile.

Tawi la tisa alikabidhiwa binti yake. Kioo chake kilianzia sakafuni kikagusa dari, na dirisha lote la mbele alilifunika kwa picha za watu warembo waliovaa miwani. Siku ya kufungua alikuwa na ombi moja tu moyoni: mteja wa kwanza asitoke mikono mitupu, maana huyo ndiye baraka ya duka. Wafanyabiashara mlioko hapa mnanielewa.

Mteja akaja. Alikuwa bibi mmoja ambaye macho yalikuwa yamefifia miaka mingi, ameshikwa mkono na wifi yake. Wifi akabaki mlangoni akipatana bei ya karanga. Binti akampima bibi macho, akamtafutia lenzi, akamvika miwani na kumsimamisha mbele ya kioo.

Bibi akatazama kwa muda.

"Huyu nani?"

"Ni wewe, bibi."

"Mimi sina makunyanzi hayo. Miwani yako inazeesha watu, mjukuu wangu. Afadhali nibaki na ukungu wangu."

Binti akajaribu fremu nyekundu. Akajaribu ya duara. Kioo kikasema lilelile. Baraka ya duka inaondoka, na inaondoka haioni. Ninyi mngemwambia nini?

Bibi alikuwa ameinua mkono aivue, mara sauti ikatoka mlangoni: "Wifi, umeolewa humo ndani? Karanga zinapoa."

Bibi akageuka kumjibu, miwani ikiwa bado puani. Akauona uso wa wifi yake.

"Kumbe nawe umezeeka," akasema.

"Zamani sana. Nilikuwa nakungoja wewe tu ujue."

Wakacheka, muuza karanga naye akacheka bila kuulizwa. Kisha macho ya bibi yakashuka chini.

"Ndala yako imefungwa kwa kamba."

"Tangu masika."

"Na njia yote hiyo unaniongoza mimi nisijikwae? Mbona hukusema?"

"Ningekusumbua bure. Na wewe huoni."

Bibi hakurudi kwenye kioo. Alilipia miwani ileile aliyokuwa ameivaa, akamshika wifi yake mkono, na safari hii yeye ndiye aliyetangulia, moja kwa moja hadi kwa muuza viatu.

Jioni binti akampigia baba yake simu, akamsimulia yote, kisha akauliza, "Baba, duka la kwanza kioo ulikiweka wapi?"

"Kioo kipi?" Mzee akacheka. "Tungekipata wapi? Mtu akivaa miwani nilimgeuza atazame barabarani, aniambie nani anapita. Tulipofanikiwa ndipo tukaanza kuwaonyesha sura zao."

Wapendwa, tusiwacheke. Sisi nasi Mungu ametuvika Neno lake tupate kuona, nasi tumekimbilia wapi? Kwenye kioo. Je, nimependeza? Je, wokovu wangu unanikaa vizuri? Na tukiona makunyanzi ya roho zetu tunataka kuivua miwani. Nani alituambia tulipewa macho ili tujitazame?

Furaha ya bibi yule ilianza alipogeuka. Basi nasi tugeuke. Mtazame aliyeketi kushoto kwako, yule unayempa mkono kila Jumapili. Mtazame vizuri. Unachokiona usiniambie mimi. Mwambie yeye.