Zamu ya Mheshimiwa Chidawali

"Wa kwanza kisimani huteka tope."

Ndivyo mlinzi wa ofisi ya kata alivyomwambia Jerida, alipomkuta mlangoni kabla hata kufuli halijafunguliwa, akitaka kuwa wa kwanza kuchukua fomu ya uenyekiti wa vijana. Wenzake wawili waliomsindikiza walicheka. Jerida hakucheka. Wakaenda moja kwa moja kwa Bi. Foibe, aliyekuwa katibu wa kata miaka kumi na tisa na sasa amestaafu pamoja na goti lake bovu, wakamuuliza maneno hayo yametoka wapi.

"Siku hizi mnamkejeli nayo mtu mwenye haraka," alisema Bi. Foibe. "Haya, kejelini. Lakini chanzo chake hakikuwa kejeli. Kaeni niwaambie."

Mwaka ule chama kilikuwa kinatafuta mgombea wa urais, na wa kwanza kuchukua fomu alikuwa Mheshimiwa Lameck Chidawali. Alikuwa na miaka sitini na sita, kumi na mmoja kati ya hiyo akiwa waziri wa mifugo. Alijua kwamba akikosa safari ile hapati nyingine. Hakuwa amelala, wala fomu zilipotoka hakungoja chai. Kufikia jioni magazeti yalikuwa yameshamwapisha. Mafundi wakashona vitenge vyenye sura yake, na watu aliosoma nao, ambao hawakuwahi kumpigia hata siku ya msiba, wakaanza kumwita "Rais". Alikuwa anawakataza, lakini alikuwa anawakataza kwa sauti ndogo.

Utaratibu wa chama ulimtaka kila mwenye fomu azunguke mikoa yote kutafuta wanachama wa kumdhamini. Chidawali akatangulia. Na kwa kuwa alikuwa wa kwanza, kila alikofika alikuta watu wamekaa na mambo yao ya miaka mitano kooni. Hawakuanza na nyimbo. Walianza na barabara, wakaja kwenye mbolea, wakamalizia na majosho ya ng'ombe yaliyokauka tangu yeye akiwa waziri. Wengine walimzomea. Wazee walilia mbele yake, akakosa mahali pa kutazama. Hakuwa mtu wa kupiga chenga. "Hapo tulikosea," alikuwa anajibu, na kesho yake gazeti linaandika: Chidawali akiri chama kimeshindwa.

Kufikia wilaya ya ishirini na tatu alikuwa amechoka. Alikuwa amechoka mpaka kwenye mifupa, na kila saini aliyopata aliona kama ameilipia kwa matusi. Washauri wake walimsihi afanye mikutano mifupi, apungie watu mkono, aondoke. Alianza kuona wana haki.

Wilaya hiyo ndiyo yenye kijiji cha Chikombola, penye mto wa mchanga ambao kiangazi hauna tone la maji juu. Watu huchimba shimo katikati ya mto na kuteka humo. Chidawali alilala kwenye nyumba ya wageni ya misheni, na alfajiri usingizi ulipomkataa akatembea hadi mtoni. Akawakuta wanawake kumi na wawili wamekaa kando ya shimo na ndoo zao, hakuna anayeinuka.

Akadhani wanamheshimu. Alikuwa amezoea kupishwa, kwenye milango, kwenye foleni, hata kanisani. Akawasalimu, akavua viatu, akachukua kata ya kutekea iliyokuwa pembeni na kuteremka shimoni. Mwanamke mmoja akajifunika mdomo kwa kanga.

Kata ya kwanza ilitoa tope. Ya pili tope. Akateka, akamwaga, akateka, akamwaga, mchanga ukimporomokea miguuni, mpaka suruali yake nyeupe ikawa haina rangi unayoweza kuitaja. Alipofika kata ya arobaini mgongo ukamkatalia.

"Kisima hiki kimekufa," alisema, akihema.

"Hakijafa, mwanangu," alijibu bibi mmoja mwembamba. Huyo alikuwa Mama Mbeleje, na mbali na kuteka maji alikuwa mjumbe wa mkutano mkuu wa chama. "Usiku mchanga unaingia. Kila asubuhi lazima mtu mmoja ateke tope, ndipo maji yapande. Tuna zamu. Leo ilikuwa ya mkwe wangu, umemwokoa."

"Shikamoo, mama. Na huyo mwenye zamu anapata nini?"

"Marahaba. Anapata mgongo unaouma." Wanawake wakacheka. "Wa kwanza hapa huteka tope, baba. Wa nyuma huteka maji."

"Mbona hamkuniambia?"

"Mtu mkubwa ametangulia mwenyewe. Nani amwambie arudi nyuma?"

Chidawali akakaa ukingoni. Aliwatazama wakiteremka mmoja mmoja, na maji yaliyopanda yalikuwa safi, hata ungeona mkono wa mtekaji. Akaikumbuka mikoa yote aliyopita, na akaelewa anachofanya tangu siku alipochukua fomu. Moyo ulimuuma, siwafichi. Angeweza kuacha hapo. Lakini alipopanda jukwaani asubuhi ile, na suruali yake ile ile, mzee wa kwanza akasimama kuuliza habari za josho, naye akajibu kama alivyojibu kwingine kote.

"Josho lenu lilikauka mikononi mwangu. Tulikosea."

Siku mbili kabla ya dirisha la kuchukua fomu kufungwa, Balozi Eufrasia Lukindo alirudi kutoka ng'ambo akachukua fomu. Alizunguka mikoa ile ile. Watu walikuwa wameshasema yote, wameshalia, na hasira zao zilikuwa na jina la mtu mwingine. Walimwimbia. Hakuna aliyemuuliza habari ya josho, naye hakuitaja.

Mkutano mkuu ulipopiga kura, Balozi alishinda. Chidawali alikuwa wa tatu. Hotuba ya ushindi ilishukuru wengi, na jina lake halikuwamo.

Alipokuwa anashuka ngazi za ukumbi, peke yake, wapambe wa miezi mitano wameshatoweka, akamkuta Mama Mbeleje amekaa anapumzisha miguu. Akakaa naye.

"Mama, niambie kweli. Ulimpa nani kura?"

"Nilimpa yule mwanamke."

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu. Yeye alipokuja kulikuwa kumetulia, tukamwona msafi. Wewe kila nikikuona nakumbuka ng'ombe zangu waliokufa." Akamshika mkono. "Nilikuambia, mwanangu. Wa kwanza kisimani huteka tope."

"Na shukrani yake hakuna?"

"Ipo. Kwetu aliyeteka tope leo, kesho hagongewi mlango. Analala mpaka jua limwamshe." Akauachia mkono wake. "Zamu yako imekwisha, baba. Nenda ukalale."

Wanasema alilia pale kwenye ngazi, na wajumbe wakampita wakidhani analilia kura. Hakuwa analilia kura. Miaka yote ile hakuna aliyekuwa amemwambia akalale.

Bi. Foibe akanyoosha goti lake. Jerida alikuwa anatazama gauni lake la drafti, alilolipiga pasi kwa ajili ya siku ile.

"Kwa hiyo, bibi, nisiwe wa kwanza?"

"Nani kasema? Asipokuwepo wa kwanza, kijiji kizima kinakufa kiu. Rudi ukachukue fomu yako." Bi. Foibe akalitazama lile gauni. "Ila hilo livue, uvae nguo ya kazi. Na siku watakapomwimbia mwenzako, usiulize kwa nini. Wa kwanza kisimani huteka tope."