Kisima cha Itumba na Madhehebu Mawili

Mwaka ambao mto Itumba ulikauka, wanyama wa huko walikuwa na Mungu mmoja na madhehebu mawili. Waumini wa Askofu Simba walibatiza kwa kunyunyiza. Wa Mchungaji Kiboko walizamisha mwili mzima. Maji yalipokwisha hakuna aliyebatiza kwa namna yoyote, lakini ubishi ulibaki palepale.

Watoto walianza kuzimia kwa kiu. Ndipo wakubwa wakakubaliana wafanye mkutano wa umoja, wasali pamoja, kisha wachimbe kisima pamoja: Kiboko alijua maji yalikojificha, na Simba alikuwa na kucha za kuchimbia. Kila upande ukaleta chakula cha wachimbaji, kikawekwa pangoni. Fisi akachaguliwa kuwa mlinzi, kwa sababu alikuwa muumini wa pande zote mbili. Hakukosa sherehe hata moja.

Fisi akaona kwamba kazi ikianza, chakula kitaliwa na wenye jasho. Akamwendea Simba.

"Baba Askofu, Kiboko anasema ubatizo wako ni umande tu."

"Umande? Mimi?" Simba akatikisa manyoya. "Mkutano umeahirishwa!"

Fisi akaenda kwa Kiboko. "Mchungaji, Simba anasema ninyi hamsali, mnaoga."

Kiboko naye akaahirisha. Wakaahirisha tena na tena, na Fisi akazidi kunenepa katikati ya ukame.

Mama Sungura, mwalimu wa kwaya, alilitazama tumbo lile akaelewa. Akamwambia Simba, "Kiboko anakuja pangoni kukuomba radhi." Akamwambia Kiboko vivyo hivyo kuhusu Simba. Wote wawili wakawahi.

"Haya, anza," alisema Simba.

"Nianze nini? Anza wewe."

Wakasimama wakitazamana, kila mmoja akisubiri kuombwa radhi. Katika ukimya ule wakasikia mfupa ukivunjwa ndani ya pango. Fisi akachomoka mbio, tumbo likanasa mlangoni.

"Kumbe mwizi ni wewe!" Simba akanguruma. "Na yale maneno ya umande je?"

"Niliyatunga mimi, Baba," Fisi akalia. "Lakini hakuna hata mmoja wenu aliyekwenda kumwuliza mwenzake."

Kiboko akaanza kujicheka, akacheka mpaka akakaa chini. "Askofu, nimehubiri upendo miaka yote, na kwako sijawahi kukanyaga."

"Ungekuja ningekupa kiti cha nyuma kabisa," Simba alikiri, naye akicheka.

Wakamvuta Fisi wakamnasua, wakampa kazi ya kubeba mchanga bila kuonja kitu. Sala ikaongozwa na Mama Sungura, maana wao wawili wangebishana nani atangulie. Kisha wakachimba. Maji yalipobubujika, watoto wakayakimbilia wamechanganyikana, na hakuna aliyeuliza huyu ni wa kanisa gani.

Simba akajifuta matope usoni. "Mchungaji," alisema, "tungeendelea kuahirisha vile vikao vyetu vya umoja, tungezikwa sote siku moja, kila dhehebu na makaburi yake."