Kimya cha Ramla

Wametusimulia waliotutangulia kwamba katika mji mmoja wa zamani aliishi binti yatima, Ramla bint Suheil, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyekuwa na kigugumizi tangu utotoni. Alipotaka maji, kabla hajafika mwisho wa neno, ami yake Mundhir, aliyemlea, alikwishaagiza maziwa. Naye aliyanywa.

Bibi Atika, mwalimu wake wa chuoni, alipoyaona hayo alikasirika. "Mwanangu, usinywe usichokiomba! Vuta pumzi, anza tena. Mwenye haja na neno lako atangoja."

Ramla akalishika hilo. Kila alfajiri alisoma kwa sauti, akimwomba Mola amfungulie fundo la ulimi.

Alipokuwa mwari, akaposwa na Naufal, tajiri wa vitambaa, aliyejigamba barazani: "Mke asiyeweza kubishana nami, nitampata wapi mwingine?" Wanaume wakacheka. Mundhir akaitika papo hapo.

Siku ya akdi, kadhi alikuja kumuuliza binti mwenyewe, kama sharia inavyotaka. Na mwari akinyamaza kwa haya, kimya chake huhesabiwa ridhaa.

"Ewe binti," kadhi aliuliza mbele ya pazia, "umeridhia kuozwa Naufal?"

Ramla akafungua kinywa. Neno likakwama, haikutoka hata herufi.

"Kanyamaza!" Mundhir akadakia. "Sheikh, fungisha."

Pazia likatikiswa kwa nguvu. "Si-si-si..."

"Sina neno, anasema!" Mundhir akamalizia. "Tukimngoja huyu, chakula cha walima kitachacha."

Kadhi akainua kiganja. "Mundhir, sikukuuliza wewe. Binti, sema. Sina haraka."

Ramla akavuta pumzi, akaanza tena. "Si-sikunyamaza, Sheikh. Nilikuwa nji-njiani." Akatulia. "Si-si-sitaki."

Kadhi akasimama, akatafuta viatu vyake. "Hapa hapana ndoa."

Kigugumizi hakikumwondoka Ramla. Aliingia nacho darasani, akafundisha hadi uzeeni, na jambo la kwanza walilojifunza wanafunzi wake ni kungoja.

Basi, enyi waumini, na hasa nyinyi mnaopenda kuwamalizia wenzenu maneno: kimya cha aliyepewa nafasi ya kusema ni ridhaa, kimya cha aliyekatizwa ni dhuluma, hata kikishuhudiwa na mji mzima. Siku ya Hisabu aliyekatiza ataulizwa, na ulimi wake ukikwama, hatakuwapo ami wa kummalizia.