Waya Mzee Haukohoi

Waya mzee haukohoi. Ndivyo alivyowaambia yule bibi wa Mtaa wa Reli asubuhi hii, nanyi mkashuka ngazi mkicheka. Sasa mmekaa hapa stoo na chai yenu, mnaniuliza msemo huo umetoka wapi. Umetoka kinywani mwangu, ukiwa mzaha. Aliyeugeuza methali ni mtu mwingine, na chanzo chake ni hiki.

Nilikuwa na umri wenu huu, fundi mpya wa ofisi ya umeme, ngazi begani na koleo mfukoni. Katika mtaa ule ule aliishi Mzee Shemhilu, aliyestaafu kazi ya kiwanda cha mkonge, pamoja na mkewe, Bi Mwanamkuu. Vumbi la mkonge lilikuwa limemharibu mzee kifua. Majirani walisema kikohozi chake kikianza alfajiri, jogoo hana kazi. Na kila alipokohoa, Bi Mwanamkuu aliacha alichokishika akampelekea kikombe cha maji ya moto. Hakusubiri kuitwa.

Siku moja mama huyo alikuja ofisini, akafungua pindo la khanga yake mezani kwangu. Lilikuwa na vipande vyeusi, vikavu, vyepesi kama magamba ya samaki.

“Vinadondokea nguo ninazoanika,” alisema. “Waya wenu unaotoka nguzoni unapukutika ngozi, mwanangu.”

Nilikwenda. Ulikuwa waya wa mpira wa zamani, uliofungwa mwaka walioingia katika nyumba ile, na pale ulipopita ukingoni mwa bati mpira ulikuwa umepasuka. Niliuona. Hilo siwafichi. Lakini fomu yetu iliuliza kama umeme unakatika, kama kuna cheche, kama kuna harufu ya kuungua. Yote yalikuwa hapana. Na waya mpya stoo ulikuwa haba, tukiutunza kwa waliokwisha kukaa gizani.

“Basi nimwite fundi wa mtaani?” aliuliza Bi Mwanamkuu.

“Hapana, mama. Kutoka nguzoni hadi kwenye mita, waya ni wetu. Akiugusa atashitakiwa.”

“Nyinyi hamuugusi, na mwingine asiuguse?”

Mzee Shemhilu, aliyekuwa amekaa barazani, alicheka hadi akakohoa. “Mwache kijana, Mwanamkuu. Huo waya na mimi tumezeeka pamoja.”

Nami nikaona nimepata pa kutokea. “Wewe unakohoa, mzee,” nikamwambia, “waya bado haujakohoa. Siku ukikohoa, njooni mniambie.”

Tulicheka wote watatu. Nikaandika kwenye fomu: Hakuna hitilafu. Nikatia sahihi.

Masika yalipoingia, mvua ilinyesha siku mbili mfululizo. Siku ya tatu jua likachomoza, na Bi Mwanamkuu akatoka pekupeku kuanika mashuka. Kamba yake ya kuanikia ilikuwa ya chuma, ncha moja imefungwa kwenye msumari wa bati lile lile lililopitiwa na waya.

Ndani taa ilikuwa inawaka. Redio ilikuwa inaimba. Mzee Shemhilu alikohoa mara ya kwanza, akangoja. Akakohoa tena. Ndipo alipotoka nje, na jirani akamshika kwa nguvu asimguse mkewe, maana mama alikuwa bado amenaswa na umeme kwenye kamba.

Mimi ndiye niliyepanda nguzo kukata umeme. Waya mpya ulipatikana siku hiyo hiyo. Tuliufunga mchana, wanawake wakiwa wanaosha maiti chumbani, na mkuu wangu akaniambia nijaribu taa. Ikawaka vizuri, kama ilivyokuwa inawaka asubuhi.

Baada ya siku tatu nilikwenda kumpa pole mzee. Nilimkuta barazani peke yake.

“Kijana,” alisema, “uliniambia ukikohoa nije.”

“Ndiyo, mzee.”

“Basi nilisikiliza. Usiku nilikuwa nazima redio ili nisikilize. Ulinifanya nicheke, lakini nilikuamini, kwa sababu wewe umesoma habari zake.” Akainua macho kwenye ukingo wa bati. “Mtu akizeeka hukohoa, nao walio karibu wakajua. Waya mzee haukohoi.”

Hakunitukana, wala hakupaza sauti. Kisha kifua kikambana, akaanza kukohoa, mfululizo, ameinama. Akageuza uso kuelekea mlangoni, kama alivyozoea. Tukautazama mlango ule sote wawili. Mwishowe niliinuka nikaingia jikoni kumtafutia maji, na sikujua kikombe chake ni kipi.

Aliishi mwaka mmoja tu baada ya hapo. Mtaa wa Reli wameuchukua msemo wake, nao huutumia kwa mengi: kwa ukuta wenye ufa, kwa daraja la mbao, kwa mtu mkimya aliyechoka. Leo bibi wa watu ameurudisha kwenye waya, mahali pake.

Fomu yenu hii hapa. Nimewauliza kama mpira umepasuka, mkasema kidogo. Humu mmeandika Hakuna hitilafu, tena kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Sitii sahihi. Malizeni chai. Waya uko rafu ya chini, chukueni ngazi mrudi kabla mvua haijaanza. Bibi akiwauliza mmefuata nini, msimpe maelezo marefu. Mwambieni mmeelewa: waya mzee haukohoi.