Namba ya Mwalimu Kirumbi

Nitawasimulia, nanyi mtanisaidia kuamua, maana mimi nimeshindwa.

Huko milimani Usangi, Mwalimu Kirumbi alikuwa na watoto watatu. Mbonea, wa kwanza, hakusahau neno aliloambiwa. Namkunda alipiga hesabu kichwani kabla wewe hujatafuta kalamu. Naghenjwa, kitinda mimba, hakusifiwa kwa lolote, ila wagonjwa walimtulia.

Mwalimu alifundisha hesabu miaka thelathini. Hati ya shamba lake la tangawizi aliifungia katika sanduku la chuma lenye kufuli ya tarakimu sita. Kisha kiharusi kikamchukua ulimi na mkono wa kulia. Wiki haikuisha, jirani akadai shamba ni lake. Baraza la ardhi likasema, "Leteni hati Ijumaa."

Watoto walibahatisha mara mbili, wakakosa. Ukikosea mara ya tatu, kufuli ile haifunguki tena. Fundi wa kuchomelea naye akaonya kwamba moto wake ungeunguza karatasi.

Naghenjwa akaketi kitandani. "Baba, nibinye kidole mara moja kwa ndiyo, mara mbili kwa hapana." Akamuuliza tarakimu moja moja. Mzee akachanganya, akalia. Tarakimu zilikuwa zimemtoka.

Ndipo Mbonea akakumbuka. "Nikiwa darasa la nne Baba aliniambia, 'Namba ya kufuli yangu ni mraba, tena ni mchemraba.'"

"Kama sitini na nne," Namkunda akasema. "Nane mara nane, au nne mara nne mara nne." Akafumba macho kitambo. "Zenye tarakimu sita ziko tatu tu: 117,649, 262,144 na 531,441."

Namba tatu, nafasi moja.

"Tusimuulize tarakimu," alisema Naghenjwa. "Niambieni tabia za namba hizi."

Wakamwambia: ya katikati ni shufwa, nyingine ni witiri, na ya mwisho peke yake inagawanyika kwa tatu.

"Baba, namba yako ni shufwa?" Akabinywa mara mbili. "Inagawanyika kwa tatu?" Akabinywa mara moja, kwa nguvu hata kidole kikamuuma.

Wakaweka 531,441. Kufuli ikaachia. Ijumaa shamba likabaki lao.

Lakini baraza likataka jina la msimamizi mmoja, kwa kuwa mwenye shamba hajiwezi. Mwalimu, ulimi ukianza kurudi, akajikaza: "Aliyeipata... namba." Akaishia hapo; walipomtajia majina yao, alibinya mara moja kwa kila jina.

"Bila neno nililolitunza," alisema Mbonea, "mngepekua namba laki tisa."

"Neno lako, kaka, halikuwa na tarakimu hata moja," Namkunda akajibu. "Mimi ndiye niliyezitaja."

"Ulizitaja tatu, dada," alisema Naghenjwa taratibu. "Kufuli ilitaka moja."

Hawakugombana, bado wanakula sahani moja. Lakini fomu iko mezani, nafasi ya jina ni tupu, na inatakiwa Jumatatu.

Kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani?