Alama ya Tumbili Mwambani

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnanong'ona? Tumbo langu limenguruma kuwashinda. Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo zamani za kale, kale ambayo hata mimi na mvi zangu sikuwako, palikuwa na mwamba uliosimama wima kama ukuta. Wanyama walicheza mpira hapo. Unaupiga kwa kibao, unagonga mwamba, unarudi, mwenzako anaupiga. Pa! Unagonga. Pwa! Unarudi. Ukishindwa kuurudisha, umefungwa. Nimezunguka nchi nyingi, mchezo huo nimeujaribu, na mpira ulinipiga mimi zaidi ya nilivyoupiga. Tuyaache hayo.

Kila mchezaji alikuwa na alama yake ya udongo mwekundu mwambani. Hodari, alama yake juu. Dhaifu, alama yake chini. Mchoraji alikuwa Kakakuona. Mchezo ukiisha, huyo anapanda, kwaru, kwaru, kwaru. Anafuta. Anachora upya.

"Mkubwa, yaani wa alama ya juu, akimfunga mdogo," alisema Kakakuona, "nani atashangaa? Mkubwa anapanda unene wa ukucha, mdogo anashuka unene wa ukucha. Lakini mdogo akimfunga mkubwa, hilo hatukulitazamia. Mdogo anapanda shubiri nzima. Mkubwa anashuka shubiri nzima."

Mmeelewa, watoto?

Tumeelewa!

Na wazee? Kimya. Haya, watawauliza wajukuu nyumbani.

Basi, palikuwa na Tumbili na rafiki yake Nungunungu. Nungunungu ndiye aliyemfundisha Tumbili kushika kibao. Walicheza kila asubuhi. Pa! Pwa! Mara nyingine mpira ulinasa kwenye miiba ya Nungunungu, na Tumbili akacheka mpaka akaanguka.

"Lete mpira, we pakacha la sindano!"

"Njoo uuchukue, mkia mrefu!"

Siku zikapita. Tumbili akapanda. Akapanda, akapanda, akawa juu kuliko wote. Nungunungu miguu ikazeeka. Akashuka, akashuka, alama yake ikakaribia nyasi.

Asubuhi moja Nungunungu akafika chini ya mti wa Tumbili.

"Hodi, ndugu yangu! Twende tukacheze."

Tumbili akautazama mwamba, akawaza: Nikimfunga, napata ukucha. Akinifunga, napoteza shubiri.

"Leo mkono unaniuma, ndugu yangu."

Nungunungu akarudi kwake, miiba ikilia, chwa, chwa, chwa.

Akaja tena. "Hodi, ndugu yangu!"

"Leo jua kali."

Chwa, chwa, chwa.

Akaja tena. "Leo nina wageni," akasema Tumbili. Wageni wenyewe walikuwa kupe wawili mgongoni.

Chwa, chwa, chwa.

Mvua zilipoanza, Nungunungu akaja akikohoa.

"Ndugu yangu, kifua kimenibana. Tucheze mchezo mmoja tu. Hata kushinda sitaki."

"Unaweza kushinda kwa bahati."

"Basi tusimwambie Kakakuona."

"Kila mchezo unahesabiwa. Unajua. Na mkono bado unauma."

Nungunungu hakukasirika. Aliuweka mpira chini ya mti, taratibu, kama anayelaza mtoto.

"Nakuachia. Mkono ukipona, niite."

Chwa... chwa... chwa.

Usingizi haukumjia Tumbili. Kulipokucha akauchukua mpira, akakimbia hadi kwa rafiki yake.

"Hodi! Hodi, we pakacha la sindano! Twende!"

Kakakuona alikuwa pale mlangoni pa shimo, akilifukia.

"Ametutoka alfajiri," akasema.

Tumbili akakaa chini. "Aliniulizia?"

"Aliuliza kama mkono wako umepona."

Jamani.

Tumbili akaenda mwambani peke yake. Pa! Pwa! Akauacha mpira umpite. Pa! Pwa! Akauacha umpite. Kisha akamwita Kakakuona.

"Nungunungu amenifunga. Nishushe! Nishushe mpaka nikae karibu naye."

Kakakuona alilia, lakini udongo hakuugusa. "Alama siishushi kwa machozi, mwanangu. Naishusha kwa mchezo, na mchezo unataka wawili."

Tangu hapo Tumbili hakumkatalia mtu. Aliyebisha hodi, alicheza naye. Sungura, panya, hata konokono. Miguu yake nayo ikazeeka. Wadogo wakamfunga. Shubiri kwa shubiri akashuka, na hakununa.

Siku alama yake ilipofika penye nyasi, sambamba na ile ya rafiki yake, isiyosogea tena, Tumbili aliinama akaigusa.

"Hodi, ndugu yangu," akasema. "Mkono umepona."



Haya, watoto, na nyie wakubwa mnaojifuta macho mkisingizia moshi: usimnyime mwenzako muda wako ili kulinda cheo chako. Cheo kikishuka, kesho kitapanda. Mwenzako akiondoka, hutampata tena wa kucheza naye.

Hadithi yangu imeishia hapo, penye nyasi. Mwenye rafiki wa kumbishia hodi, na anyanyuke sasa hivi. Mikeka nitaikunja mwenyewe.