Zamu ya Kunywa Kisimani

Zamani, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na ugomvi wa majirani kama sisi, nchi yao ilikuwa na kisima kimoja. Kila mtawala mpya alianza kazi kwa kung'oa ua wa miiba wa aliyemtangulia, akajenga wake, mlango ukielekea nyumbani kwake. Udongo ukaporomoka majini, maji yakawa tope. Kisha ukoo wake ukanywa kwanza mpaka ukashiba, na aliyepinduliwa akanywa mwisho, kama kuna kilichobaki. Hayo waliyaita maendeleo.

Pimbi, mjane wa majabalini, alikuwa amezika mtoto kiangazi kilichopita kwa sababu ya kiu. Aliyebaki naye alikuwa ameanza kukauka midomo.

Nyati, mtawala wa wakati huo, alikuwa amezeeka kitini, na Kifaru akinoa pembe hadharani ili ampindue. Pimbi akaenda kwa Nyati.

"Shikamoo, mzee. Kifaru akishika nchi, wewe utakunywa lini?"

Nyati akakumbuka alivyompindua Tembo. Tangu siku hiyo Tembo alikunywa mwisho.

"Weka sheria ungali kitini," Pimbi akasema. "Ua usiguswe, na anayefika kwanza anywe kwanza. Kifaru aape mbele ya wote. Itamfunga."

Nyati alilipenda sana neno hilo la kumfunga Kifaru, akakubali kuachia kiti.

Pimbi akateremka mpaka kwa Kifaru, akamweleza kwamba Nyati angeondoka bila vita, mradi waape wote wawili kuishika sheria ya kisima, na kwamba sheria ingemfunga Nyati pamoja na wanawe wenye kiburi. Kifaru akacheka, akakubali. Wakaapa, kila mmoja akimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni.

Asubuhi ya kwanza ya utawala wake, Kifaru akaja kisimani, puu, puu, puu. Akamkuta Pimbi na mwanawe mbele, nyuma yao Nyati na wanawe. Akataka kupita. Nyati akamzibia njia.

"Foleni, mheshimiwa."

Msidhani Nyati alikuwa amegeuka kuwa mwema. Alijua Kifaru akipita leo, kesho yeye atakunywa tope.

Kifaru akamgeukia Pimbi. "Wewe mama, uliniambia sheria itamfunga Nyati."

"Imemfunga, bwana. Si huyo yuko nyuma yangu? Hukuniuliza kama itakufunga na wewe."

Mtoto wa Pimbi akanywa mpaka tumbo likajaa. Kifaru akangoja zamu yake, akinung'unika.

Basi, wanangu, sheria hudumu pale wakubwa wanapoihitaji ili kujikinga wao kwa wao.